Polisi aliyetembea mbele ya mfungwa wake, na watani waliovaa sare yake siku ya mazishi

Wakuu, shikamoo zenu nazipokea kabla hamjaniamkia, maana kwa umri wangu sidhani kama humu ndani kuna mtu ninayepaswa kumpa shikamoo.

Mimi nasema, mjukuu wangu anabofya. Nimemwonya akitia chumvi yake nitamnyima chakula cha mchana. Hii siyo chai. Niliyaona kwa macho yangu, tena mengine mpaka leo yananisumbua kichwa, ndiyo maana nayaleta kwenu.

Kwanza niwaambie kilichonichokoza.

Juzi hapa mtaani kwetu Kigoma kulikuwa na sherehe ya kumuaga polisi mstaafu. Maturubai, muziki, pilau. Kila aliyeshika kipaza sauti alimwaga sifa. Mchapakazi, mcha Mungu, hakuwahi kumwonea mtu. Nilikuwa nimekaa karibu na mke wake, nikawa namchungulia. Mama wa watu alikuwa anatazama viatu vyake tu.

Nikajiuliza, hivi huyu mama anamtambua huyo anayesifiwa?

Swali lenyewe siyo geni kwangu. Baba yangu naye alikuwa polisi.

Mimi nimezaliwa Lubumbashi, enzi hizo Wabelgiji wakiiita Élisabethville. Kigoma nimeletwa na ndoa, marehemu mume wangu alikuwa fundi wa reli. Msishangae Kiswahili changu kimenyooka, kimenyooshwa hapa. Nikiwanukuu watu wa kwetu nitawaacha waseme kama walivyosema.

Baba aliitwa Mwape. Alifika mjini kijana, kwa miguu, miaka ya ishirini, akitokea upande wa Luapula. Wenzake aliokuja nao walikwenda migodini. Yeye alivyoliona lile dohani la kiwanda cha kuyeyushia shaba linavyotoa moshi, akasema hapana. Akaingia polisi.

Alivyokuwa akisimulia, siku hizo sare ilikuwa kaptula ya kaki, kofia nyekundu na miguu peku. Viatu walipewa baadaye sana, na baba alivichukia viatu mpaka anakufa. Akifika nyumbani kitu cha kwanza ni kuvivua na kuviweka nje ya mlango kama mbwa wasioruhusiwa ndani.

Tuliishi kambi ya polisi. Nyumba za matofali mekundu zimepangwa mstari, bomba moja la maji kwa wote, geti lina mlinzi. Watu wa mitaani hawakuingia kambini kwa hiari yao. Ukiingia pale ni umekamatwa, au unamfuata aliyekamatwa.

Sasa baba alikuwa na tabia moja kazini iliyoifanya kambi nzima imcheke.

Polisi wote walimtanguliza mfungwa. Mfungwa mbele, amefungwa kamba mikononi, polisi nyuma ameshika ncha ya kamba. Ndiyo ilikuwa amri. Baba alikuwa anatangulia yeye. Anamwambia mtu "Unifwate", anageuka, anaondoka zake, hata shingo hageuzi. Kamba imo mfukoni. Na yule mtu anamfuata!

Mimi mwenyewe nilimwona hivyo mara nyingi nikitoka shule kwa masista. Wakati mwingine nilimwona akipita njia ambayo haina maana kabisa. Kituo kiko huku, yeye anazunguka kule karibu na mto, mfungwa nyuma yake, kama watu wanaotafuta mbuzi aliyepotea.

Wenzake walimpa jina, Papa Unifwate. Walimwambia iko siku mtu atakimbia. Alicheka tu.

Nilimuuliza mama kwa nini baba anafanya vile. Mama akasema kazi ya baba haiulizwi ndani ya nyumba yake. Na kweli, sijawahi kumsikia mama akimuuliza baba jambo lolote la kazini. Baba akirudi, maji ya kuoga yako tayari, bukari na sombe mezani, maneno ni ya watoto na ya mvua.

(Bukari ni ugali. Sombe ni kisamvu. Endeleeni.)

Kilichoniuma utotoni ni kwamba sikujua watu wanamwonaje. Nikiingia sokoni, wamama waliokuwa wanapiga soga wananyamaza. Wananipimia nyanya haraka haraka, wananipa, wanasubiri niondoke. Shuleni wasichana walikuwa wananitendea vizuri mno. Mtu akikutendea vizuri mno, wakuu, na wewe si mgonjwa, ujue kuna jambo.

Wanampenda? Wanamwogopa? Wanamchukia? Nani angemwambia mtoto wa polisi ukweli?

Kuna kitu kimoja zaidi nilikijua. Mwaka mmoja nikiwa mdogo, baba aliondoka asubuhi akiwa na galoni kwenye mkono wa shati, ule utepe wa cheo. Akarudi hana. Alama tu za uzi. Hakusema kitu, na mama hakuuliza. Cheo kilirudi baada ya miaka mingi, nacho hatukuambiwa kwa nini.

Basi, miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa kuolewa tayari, baba akaanza kukohoa. Alikuwa karibu kabisa kustaafu. Walishamwambia atapewa medali mbele ya kikosi chote. Mama alishamfulia sare ya pili na kuipiga pasi, ikatundikwa kwenye msumari ikisubiri siku hiyo.

Hakufika. Alifia hospitalini, na wakubwa wa kambi waliarifiwa kabla yetu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mambo yote yako hapa.

Mama yangu alikuwa na hofu moja tu. Kwamba hakuna mtu atakayekuja. Ndugu za baba walikuwa mbali, mjini alikuwapo mdogo wake mmoja tu. Watu wa mitaani hawaingii kambini. Polisi wenzake wako zamu. Mama alikuwa anaona jeneza limewekwa uani na viti viko wazi, na hilo lilimtisha kuliko kifo chenyewe.

Ndiyo maana komisera, yule mkubwa wa polisi wa Kizungu, alipotuma habari kwamba atakuja mwenyewe na kikosi, bendera itafunika jeneza, tarumbeta itapigwa, mama alishika kichwa akashukuru. Aliniambia, "Hata kama bantu habatakuya, Leta itakuya." Leta ndiyo Serikali, kwa maneno ya kwetu.

Bendera ndiyo ilikuwa inamshikilia mama asianguke. Hilo mlikumbuke.

Asubuhi ya mazishi tumekaa chini na jeneza liko katikati ya ua. Mama, mimi, baba mdogo, wake za polisi wachache. Tukasikia makelele getini.

Mlinzi anasema hapa ni kambi, haiingiwi ovyo. Sauti ya mwanamke inamjibu, kubwa, yenye mikwaruzo:

"Mbuzi yangu inakufa, na mi Chui ninakuya kuibeba. Utoke mu njia!"

Mlinzi akatoka njiani.

Hapa niwaeleze. Kwetu koo zina watani wao. Tunawaita banungwe. Baba alikuwa ukoo wa Mbuzi, na watani wa Mbuzi ni Chui, mnaona wenyewe sababu. Nyie mlioko Tanzania utani mnaujua, lakini kwetu mtani msibani siyo wa kuchekesha tu. Yeye ndiye anachimba kaburi, ndiye anabeba maiti. Na yeye peke yake anaruhusiwa kumsema marehemu alivyokuwa, mema na mabaya, kwa kumwigiza mbele ya jeneza lake. Ndugu hawaruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umemtukana marehemu.

Aliyeingia aliitwa Mama Chola. Muuza samaki wakavu wa sokoni, mwanamke mnene, mfupi, uso mpana. Ni mmoja wa wale waliokuwa wananyamaza nikipita! Nyuma yake Chui wengine, wanaume kwa wanawake, na nyuma yao watu wa mitaani ambao sidhani kama walishawahi kuliona geti lile kwa ndani.

Hakusalimia. Akaenda moja kwa moja ndani, akatoka amevaa sare ya baba. Ile ya pili, ile ya medali. Shati halifungiki, kaptula ameivaa juu ya kitenge, kofia imekaa upande, kirungu cha baba kwenye mkanda.

Baba mdogo alikuwa analia kwa sauti. Mama Chola akamwendea, kifua mbele, mikono nyuma, akasimama kama baba alivyokuwa anasimama. Kama baba kabisa!

"Weye, unalia na ruhusa ya nani? Karatasi ya kulia iko wapi?"

Wakuu, zamani zile mtu mweusi alihitaji karatasi kwa kila kitu. Karatasi ya kukaa mjini, karatasi ya kuwa mjini kwa Wazungu jua likishazama. Ua mzima ukacheka kabla haujajua kama unaruhusiwa.

Baba mdogo akajibu huku kamasi zinamtoka, "Sina."

"Basi uko mufungwa. Unifwate."

Akageuka, akaondoka bila kuangalia nyuma. Baba mdogo akasimama, akamfuata. Wakaanza kulizunguka jeneza. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikamwangalia mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, sikujua analia au anacheka.

Hapo ndipo komisera alipoingia.

Alikuwa mgeni, ana miezi michache tu mjini. Kijana, shingo imebabuka kwa jua, amevaa glavu nyeupe. Nyuma yake kikosi, bendera imekunjwa, tarumbeta inang'aa. Akasimama. Mbele yake kuna mwanamke amevaa sare ya Serikali juu ya kitenge, na watu wanacheka kando ya jeneza la polisi wake.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza kwa Kifaransa, polepole, nani hapa atamweleza yule mwanamke anafanya nini.

Polisi wote wakatazama ardhi. Wake zao pia. Nani ajipeleke? Nikajikuta nimenyanyuka, maana masista walinifundisha Kifaransa na kila mtu pale alijua.

Mama akanivuta nguo. Akaninong'oneza, "Umwambie ni bantu benyi kuomba Mungu. Umwambie ni sala."

Nilimwelewa. Nikisema ni sala, bendera inatandikwa, tarumbeta inapigwa, tunazika. Ila Mama Chola angevuliwa sare pale pale na kuambiwa kama ni sala basi mpige magoti. Na mimi nisingesikia lililobaki.

Nami nilitaka kulisikia. Nawaambia ukweli, nililitaka kuliko bendera. Miaka yote nilikuwa nimekaa na swali langu, na mtu pekee mwenye ruhusa ya kulijibu alikuwa amesimama mbele yangu amevaa shati la baba.

Nikamwambia komisera kwamba ni desturi. Kwamba hawa ni watani, na wanaonyesha baba yangu alivyofanya kazi.

Akauliza jambo ambalo sikulitegemea. Mbona anatembea mbele ya mfungwa?

Kumbe hata yeye! Swali langu la utotoni limetoka kwenye mdomo wa Mzungu. Nikamgeukia Mama Chola, nikamuuliza kwa lugha yetu, "Juu ya nini papa alikuwaka anatembea mbele?"

Mama Chola hakuacha kuwa baba. Alijibu kwa sauti ile ile nzito ya kituoni.

"Nikikuwa nyuma yake na kamba, kila mutu anasema, muone mwizi. Nikikuwa mbele, banaona bantu babili benyi kutembea. Mutu akiwa na kosa, kosa ni yake na Leta. Haiko ya bibi yake. Haiko ya batoto yake."

Kisha akamshika baba mdogo mkono, akamzungusha mbali sana, mpaka kwenye ukuta, akimkwepesha bibi mmoja kizee aliyekuwa ameketi kwenye mkeka.

"Na huku tunazunguka juu ya nini?" Alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe. "Juu mukwe yake anaishi pale."

Wanawake wakapiga vigelegele.

Niwaeleze wasioelewa. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake wanaogopana. Mwanaume hali chakula mbele yake, hapishani naye njiani, akimwona anachepuka. Mama mkwe akuone umekamatwa na polisi? Kuna watu waliohama mji kwa aibu ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo baba, kabla hajamkamata mtu, alikuwa anauliza kwanza mkwewe anakaa wapi. Zile njia zake za ajabu karibu na mto, zote zilikuwa njia za kukwepa milango ya wakwe.

Nilimtafsiria komisera neno kwa neno. Nilikuwa na furaha, sitaki kuwaficha.

Akauliza, je, hakuna aliyemtoroka?

Mtu mmoja nyuma akalijua swali kabla sijalitafsiri, akasema, "Mumoja." Watu wakacheka, wengine wakaguna. Mama Chola akalishika lile shati pale galoni inapokaa, akaiga kama anaibandua, akaitupa chini. Ndipo nilipojua galoni ya baba ilikwenda wapi. Nikamtazama mama, naye alikuwa amekazia macho ule mkono wa shati.

Ingeishia hapo, wakuu, ningewaletea story tamu na tungeagana vizuri.

Haikuishia hapo. Mtani hana kazi ya kupaka mafuta. Mama Chola akachomoa kirungu cha baba kwenye mkanda. Uso ukabadilika. Akakiinua, akapiga ardhi, akapiga tena, na tena, vumbi jekundu likaruka mpaka kwenye jeneza. Hakusema neno. Waliokuwa wanacheka wakaacha. Mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Eh, ni kweli. Na ile ni kweli."

Komisera hakuhitaji mkalimani tena. Sijui nini kilimkera zaidi, kamba iliyokaa mfukoni miaka yote ile, au kile kirungu kuonyeshwa hadharani. Alisema sare ivuliwe sasa hivi.

Mama Chola akasema sare ni ya marehemu, na nguo ya marehemu anaivua mtani akishazika. Nikatafsiri.

Komisera akavua glavu, moja, kisha nyingine. Akatoa amri. Kikosi kikageuka. Bendera ikarudi ilivyokuja, imekunjwa. Polisi waliokuwa wabebe jeneza, watu waliokula kwetu, wakatoka mstari mmoja wakiwa wameinamisha kofia. Siwalaumu. Walikuwa na watoto, na posho ya wiki ilitoka kwa mkono ule ule.

Mama hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Unamuzikisha baba yako bila bendera."

Maneno hayo yaliniingia, jamani. Nilisimama pale mikono imening'inia, sina pa kuiweka.

Chui hawakungoja. Wanaume wao wakanyanyua jeneza. Mama Chola akatangulia na sare yake isiyofungika, jeneza nyuma yake, sisi nyuma ya jeneza. Tukatoka getini. Jua lilikuwa kali, ni ule mwezi kabla ya mvua, jakaranda zimechanua njia nzima na hakuna aliyezitazama.

Mwanzo tulikuwa wachache. Tulipoingia mitaani, milango ikaanza kufunguka. Mwanaume mmoja akatoka anatafuna bado, akafuata. Fundi cherehani akaacha nguo kwenye mashine, akafuata. Wamama wa sokoni, wale wanyamavu wangu, wakafunika biashara zao kwa magunia wakaja. Hakuna aliyesema kwa nini. Wengine nadhani walikuwa wanamfuata baba kwa mara ya pili.

Tulipofika makaburini mama aligeuka nyuma. Alitazama ule umati muda mrefu. Ile hofu yake ya viti vitupu nadhani iliishia pale, ila kwangu bado alikuwa amenuna.

Kaburi lilishachimbwa, Chui walikuja alfajiri kulichimba na ile ardhi ngumu. Jeneza likashushwa. Katika waliosogea kutupa udongo alikuwapo mwanaume mrefu, mkono wake wa kulia una vidole viwili vilivyopinda, vimekauka hivyo. Alichota udongo kwa mkono ule ule.

Nilijua. Sijui nilijuaje. Nikamsogelea, nikamuuliza kama ni baba aliyevivunja.

"Ni yeye njo alinipigaka," alisema. Jina lake Ilunga, alifanya kazi ya kufyatua matofali.

Nikamuuliza, kwa ujinga wa usichana, kama amekuja kumsamehe.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza.

"Hapana. Sikukuya kusamehe. Nilikuya kuzika."

Tukarudi kambini. Mlinzi alituangalia tunaingia na umati wote ule, akafungua geti lote. Mama Chola akaivua sare, akaikunja vizuri, akampa mama mikononi. Akaanza kulia, sasa kwa sauti yake mwenyewe. Kazi ya utani ilikuwa imekwisha, ndiyo kwanza alikuwa amefiwa.

Chakula kikatengwa. Ilunga alikaa peke yake kando ya ukuta, watu wakimpisha pisha. Nikaona mama anachukua sahani. Mjane kwetu siku ile hapaswi kuhudumia mtu, anahudumiwa. Yeye akanyanyuka, akapakua bukari na makayabu, wale samaki wa chumvi, akampelekea mwenyewe, na akaketi chini mbele yake.

Nilikuwa karibu, nikasikia yote.

Mama alimuuliza, "Alikupiga juu ya nini?"

Wakuu, mama yangu! Aliyekaa na mume huyo miaka yote bila kuuliza neno moja la kazi yake!

Ilunga alimweleza. Ilikuwa kwenye bomba la maji, mchana. Watu wako foleni, baba anaisimamia. Ilunga akaona kwenye mkono wa shati la baba zile alama za uzi, galoni imetoka jana yake tu. Akacheka. Akawaonyesha wenzake kwa kidole, nao wakacheka. Baba akamfuata na kirungu, akampiga ule mkono uliokuwa unaonyesha. Akaendelea kumpiga.

Kwa hiyo mnaona jambo lilivyokwenda. Baba alimhifadhia mtu mmoja heshima yake, yule mtu akamkimbia, na aliyelipa ni Ilunga.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza tena, polepole sana.

"Muzungu alikuwa pale?"

Nilielewa alichokuwa anakitafuta. Aambiwe kulikuwa na mkubwa anatazama, kwamba baba alilazimishwa. Angeondoka na hilo, angeishi nalo. Nami nilimwomba Ilunga kimoyomoyo aseme ndiyo.

Ilunga akaacha kutafuna.

"Hapana, Mama. Muzungu hakukuwa. Ni yeye mwenyewe."

Mama akatikisa kichwa, mara chache, kama mtu anayepokea kitu kizito na kukiweka sawa mikononi. Akavitazama vile vidole. Akachukua sahani ya Ilunga, akaenda kuijaza tena. Aliporudi alipita nilipoketi, akaniwekea mkono kichwani, akaniambia, "Ulifanya muzuri kutafsiri."

Hatukuizungumza tena bendera mpaka alipokufa.

Nilichojifunza mimi ni hiki, na mnaweza kunipinga. Ile siku ndiyo niliyompata baba. Kabla yake nilikuwa na sare inayoingia na kutoka. Baada yake nilikuwa na mtu anayezunguka mbali ili mwenzake asiaibike mbele ya mkwewe, na ni mtu huyo huyo aliyevunja vidole vya mtu aliyemcheka. Nawapenda wote wawili. Yule anayesifiwa kwenye kipaza sauti angenifia zamani, nisingemkumbuka hata sura.

Ninalotaka kutoka kwenu ni hili. Nyie wenye watani, Wanyamwezi, Wasukuma, Wazaramo, na ndugu zangu wa Katanga kama mmo humu: bado mnawaachia watani wamseme marehemu wenu yote? Na ingekuwa baba yako, askari, mwalimu, yeyote, na mtani anataka kuvaa nguo zake mbele ya wakubwa wake wa kazi, ungemkabidhi?

Semeni, mjukuu atanisomea. Wenye matusi pia karibuni, nimewasikia wengi.